Stadi Iliyoshika Haidai Nguvu, Inadai Muda



Juma hili tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni vipande vya chuma vinavyoshikilia eksozi ya gari kwenye injini. Tunawaomba mtuvumilie. Wengi wetu tunaishi kwa magari ya zamani: teksi inayosomesha watoto, pikapu inayopeleka ndizi sokoni, hata gari la parokia linalofika vigangoni wakati wa masika. Katika magari ya namna hiyo ni nadra kuona kazi ndogo inayozaa ugomvi mkubwa baina ya mwenye gari na fundi kama hii ya kufungua stadi za eksozi zilizoshika kutu. Kazi iliyokadiriwa saa moja huchukua siku tatu, maneno makali hutamkwa, na mwishowe mnyonge kuliko wote, kijana anayejifunza kazi, ndiye anayekatwa posho.

Maoni yetu tuyaweke wazi tangu mwanzo. Stadi iliyoshika haidai nguvu, inadai muda. Na muda huo ni haki ulipwe na mwenye gari. Anayekataa kulipia muda atalipia uharibifu, na bei ya uharibifu siku zote huwa juu zaidi.

Tuanze kwa kueleza kitu chenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuinama chini ya boneti. Stadi ni kijiti cha chuma chenye nyuzi pande zote mbili, mfano wa bolti isiyo na kichwa. Upande mmoja hufungwa ndani ya silinda hedi. Upande wa pili hupokea nati inayobana manifoldi ya eksozi, yaani lile bomba lenye matawi linalokusanya moshi kutoka katika kila silinda. Kati ya manifoldi na hedi hukaa gasketi ya kuzuia moshi usivuje. Stadi nyingine, mara nyingi mbili au tatu, huunganisha manifoldi hiyo na bomba linaloshuka chini ya gari. Lugha yetu ina utani wake: neno hilohilo, stadi, ndilo tunalomwitia mtu hodari katika kazi yake. Hapa basi stadi hukutana na stadi, na mara nyingi kile cha chuma ndicho hushinda.

Kwa nini hushika? Kila injini inapofanya kazi, manifoldi hupanda joto hadi mamia ya digrii, kisha gari likizimwa hupoa. Chuma hutanuka na kusinyaa, leo, kesho, miaka ishirini. Kwa kuwa manifoldi ni ndefu, ncha zake ndizo husogea zaidi, na ndiyo maana mara nyingi stadi za pembeni hukatika kabla ya zile za katikati. Juu ya hayo huja kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hujaza upenyo mdogo uliopo kati ya nyuzi na kubana kama kabari. Magari yaliyolala miaka mingi karibu na bahari, Tanga, Bagamoyo au Mombasa, hupata chumvi ya hewani. Nayo yaliyoletwa kutoka mikoa ya kaskazini ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, huweza kuteremka melini yakiwa tayari yameliwa kwa chini.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, tuziache. Stadi moja imekatika, nyingine tano zimeshika, gari linatembea. Ya nini kuchokoza? Rai hiyo ina nusu ya ukweli. Stadi nzima, isiyovuja, haina sababu ya kuguswa, na fundi anayezifungua zote kwa udadisi tu hamtendei mema mwenye gari. Lakini pale moshi unapovuja, kuacha si busara tena. Moshi wa eksozi una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hung'ang'ania chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata damu ikashindwa kubeba hewa safi. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Na asiyejua hudhani ni uchovu wa safari. Katika gari lenye kisafisha moshi kwenye bomba la eksozi, uvujaji wa kwenye manifoldi hutokea kabla moshi haujasafishwa. Fikirini gari limejaa watoto, safari ni ya usiku, mvua inanyesha na vioo vimepandishwa. Hapo stadi ya bei ndogo imekuwa suala la uhai.

Dalili ya kwanza husikika kwa sikio. Asubuhi injini ikiwa baridi hutoa mlio wa tiki-tiki upande wa eksozi, na mlio huo hupungua au kutoweka injini ipatapo moto, kwa kuwa chuma kimetanuka na kuziba mwanya. Wengi hufurahi mlio unaponyamaza. Wasifurahi mno, kwa sababu mwanya haujapona. Dalili ya pili ni masizi meusi kwenye maungio. Usipoziba ufa, wazee walisema, utajenga ukuta.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo tunapotaka wenye magari watusikilize kuliko mafundi, kwa maana mafundi wengi wanayajua haya. Wanachokosa ni ruhusa ya kuyafanya.

Kwanza, fundi mwema huanza siku moja au mbili kabla ya kushika spana. Husugua nyuzi zilizo wazi kwa brashi ya waya, kisha hutia mafuta ya kupenya, jioni, asubuhi, na jioni tena, akigonga nati kwa nyundo ndogo ili mitikisiko iyafungulie mafuta njia. Mtazamaji ataona fundi hafanyi kitu. Kumbe kazi inaendelea, na mfanyakazi ni mafuta.

Pili, huchagua zana. Soketi ya pembe sita hushika nati kwa ubavu wake, ilhali ile ya pembe kumi na mbili huelekea kula kona za nati iliyokwisha liwa na kutu. Bomba refu la kuongezea mkono wa spana ni kishawishi kikubwa: humpa fundi nguvu nyingi na kumnyima hisia. Stadi hutoa taarifa kabla ya kukatika. Nati inayofunguka huwa na ugumu unaopungua kidogo kidogo, bali stadi inayotaka kukatika huanza kulegea na kunyumbuka kama utomvu. Mkono ulio karibu na nati huisikia tofauti hiyo. Hapo dawa ni kusimama, kurudisha nati kidogo upande wa kukaza, kutia mafuta, na kujaribu tena, mbele na nyuma, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Tatu, huja moto, na moto unataka elimu. Fundi ni lazima ajue hedi iliyo mbele yake ni ya madini gani. Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25, gari lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ina hedi ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Toyota Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A-FE zina hedi ya aluminiamu. Kwenye hedi ya chuma, nati yaweza kupashwa moto wa gesi mpaka ianze kuwa nyekundu, ikaachwa ipoe, na kutu ikapasuka kwa kule kutanuka na kusinyaa. Kwenye aluminiamu mambo ni mengine. Aluminiamu huyeyuka kwenye digrii 660 za Selsiasi, na haibadiliki rangi kumwonya fundi. Muda mfupi ni ngumu, muda mfupi imeporomoka. Lakini ina fadhila yake: hutanuka takribani mara mbili ya chuma. Ikipashwa joto la wastani kuzunguka stadi, tundu hupanuka kuliko kijiti kilichomo, na mshiko hulegea.

Tahadhari za moto zisidharauliwe. Mafuta ya kupenya huwaka. Mabomba ya petroli hupita karibu. Betri ifunguliwe, na kizima moto kiwepo mkononi. Tena, dawa za kusafishia breki zenye klorini zisitumike kabisa mahali patakapochomelewa, kwa maana zikipata joto kali huweza kutoa fosjini, gesi ya sumu iuayo. Kijana anayejifunza kazi asiachwe agundue jambo hilo peke yake.

Nne, nati ikikataa kabisa, iuawe nati ipone stadi. Nati hupasuliwa kwa tindo au hukatwa kwa grenda upande mmoja bila kugusa nyuzi. Nati ni kitu cha kununua dukani. Hedi si hivyo. Na kama nati itatoka pamoja na stadi nzima, huo ni ushindi, si hasara. Tundu limebaki salama, na stadi mpya itaingia.

Lakini pamoja na uangalifu wote huo, stadi nyingine hukatika. Chuma kilicholiwa mpaka kikabaki nusu ya unene wake hakina ahadi kwa mtu. Hapo ndipo tabia za watu hudhihirika. Mwenye gari hupandisha sauti, fundi hujitetea, msaidizi huinamisha kichwa. Wahenga walituachia neno lifaalo gereji kuliko mahali pengine popote: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kama kipande kimebaki nje, njia ni nyingi. Nyuzi zikiwa nzima, nati mbili hukazwa moja dhidi ya nyingine na kijiti huzungushwa kwa ile ya ndani. Nyuzi zikiwa zimekwisha, huweza kushikwa kwa koleo ya kujifunga. Njia tunayoiheshimu kuliko zote ni kuchomelea nati juu ya kisiki hicho. Nati humpa fundi mahali pa kushika, na joto la kuchomelea hupita katikati ya stadi yenyewe na kuivunja kutu kwa ndani. Sharti ni moja, nalo ndilo huvunjwa mara nyingi: chuma kiachwe kipoe kabla ya kuzungushwa. Anayezungusha kikiwa chekundu hukata tena, na mara hii chini zaidi.

Kama stadi imekatika sawia na uso wa hedi au ndani ya tundu, inabaki keekee. Fundi hupiga alama katikati kabisa kwa senta panchi, huanza na biti nyembamba ya milimita 3, kisha hupanda taratibu. Stadi ya milimita 8 yenye hatua ya nyuzi ya 1.25 haitobolewi kupita milimita 6.8, kwa maana zaidi ya hapo utazila nyuzi za hedi. Biti ikienda kando, hula aluminiamu laini na kuiacha stadi ngumu. Biti ikizama mno, katika injini nyingine hufika kwenye njia za maji. Kwa hiyo bamba la chuma lililotobolewa sawasawa na kufungwa kwenye stadi za jirani, ili liiongoze biti, ni mali kuliko mkono wenye nguvu. Ziko pia biti zinazokata kinyume, na mara nyingine stadi hutoka yenyewe wakati wa kutobolewa.

Tuna neno la pekee kuhusu kile kichomoa stadi chenye umbo la parafujo kinachouzwa kwa bei nafuu. Ni chuma kigumu na hukatika kwa urahisi. Kikikatikia ndani ya stadi, biti za kawaida haziwezi kukitoboa, na kazi ambayo ingemalizwa papo hapo huishia hedi kufunguliwa na kupelekwa kwa wachongaji. Kilichoshindikana kwa nati nzima, kwa mafuta na kwa moto, kitafunguliwaje na kijiti chembamba kuliko stadi yenyewe? Kitumike pale tu ambapo stadi imekwisha legezwa na joto. Na kama nyuzi za hedi zimeharibika, tumaini bado lipo: tundu hupanuliwa, hukatwa nyuzi mpya, na kuwekwa nyuzi za waya wa chuma kisichoshika kutu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri kwenye aluminiamu hudumu hata kuliko ya asili.

Sasa turudi kwenye haki, maana ndiyo iliyotufanya tuandike. Nani alipe stadi inapokatika? Desturi ya gereji nyingi zetu ni kwamba aliyekuwa ameshika spana ndiye mwenye hatia, na mara nyingi aliyekuwa ameshika spana ni spana boi, kijana asiye na mshahara bali posho ya chakula. Sisi tunasema desturi hiyo si ya haki. Kutu ya miaka ishirini haikuletwa na kijana huyo. Ilikuwamo garini kabla hajaajiriwa, na pengine kabla hajazaliwa.

Wapo watakaotujibu kwamba tukisema hivyo tunawafungulia mafundi wazembe mlango. Kila atakayevunja atasingizia kutu. Hoja hiyo tunaiheshimu, na hatuna nia ya kumficha mzembe. Ndiyo maana tunapendekeza mapatano kabla ya kazi kuanza, si baada. Fundi amwoneshe mwenye gari stadi zenyewe kwa macho na kumwambia wazi: hizi zaweza kukatika, nahitaji siku mbili za mafuta, na kazi ya moto, zikikatika, kutoa kila moja kutagharimu kiasi hiki. Mwenye gari akikubali, basi stadi inayokatika baada ya hatua zote kufuatwa ni gharama ya gari. Lakini fundi akiruka hatua, akachukua bomba refu asubuhi ya kwanza, basi iliyokatika ni yake, yeye aliyeamuru, wala si ya kijana aliyetumwa. Na mwenye gari aliyesema "nataka saa kumi leo" baada ya kuambiwa siku mbili, naye ajihesabu kuwa ameshika ncha moja ya lile bomba.

Mapatano hayo hayahitaji mwanasheria. Yanahitaji dakika kumi za ukweli. Tumewahi kushuhudia urafiki wa miaka ukikatika sawia na uso wa hedi, na hakuna mashine ya kuuchomelea.

Kazi ya kufungua ikiisha, isiharibiwe wakati wa kufunga, kwa maana atakayefungua tena miaka kumi ijayo ni mtoto wa mtu. Stadi na nati ziwe mpya, na gasketi pia. Matundu yasafishwe kwa kikata nyuzi. Uso wa manifoldi upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, maana iliyopinda itakata na stadi mpya. Nyuzi zipakwe kidogo grisi ya shaba ya kustahimili joto. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha mtengenezaji wa injini hiyo. Grisi hiyo haizidi kiasi cha ncha ya kidole, lakini ni barua ya heri kwa fundi ambaye hatutamwona.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya juma hili kwisha, washa gari lako asubuhi likiwa baridi, fungua boneti, usikilize. Ukisikia tiki-tiki, usipandishe vioo ukasafiri na watoto. Nenda kwa fundi wako, umuulize anahitaji siku ngapi, na atakapokutajia, usimpunguzie hata moja.

Tunawatakia juma jema na safari njema.